Mkemia Wangu Hana Bastola

Waandishi wenzangu, leo sikuja kubembeleza. Nimekuja kugombana.

Kuna kauli moja imeanza kuzoeleka katika vikundi vyetu vya uandishi, na naisikia hata vinywani mwa watu ninaowaheshimu. Eti mwanasayansi si mhusika. Ukitaka riwaya yako isomwe na vijana wa mjini, mpe msomaji mpelelezi, jambazi, changudoa, mganga, mchungaji mwongo, tajiri mwenye siri. Mkemia? Mkemia afanye nini? Anasimama, anamimina kitu kwenye kichupa, anaandika namba daftarini, basi. Hadithi imekwisha kabla haijaanza.

Mimi naandika riwaya, na mhusika wangu mkuu ni mkemia. Ni kijana wa Lyamkena, hapahapa Makambako, kamaliza chuo, kajiunga na timu ya watafiti wanaotengeneza kipima dawa cha kubeba mkononi: kitu cha kumwambia muuzaji na mnunuzi, palepale kaunta, kama kidonge hiki ni dawa au ni chokaa. Waliosoma sura za mwanzo wamenishauri, kwa nia njema kabisa, nimgeuze awe mpelelezi. Mchapishaji mmoja amefika mbali zaidi, kanitajia na aina ya bastola itakayompendeza. Nakataa. Na wala si ukaidi wa mtu anayependa maandishi yake mwenyewe. Nakataa kwa kuwa ushauri huo unadhuru watu wasiosoma riwaya kabisa, na baadhi yao ni majirani zangu.

Kwa asiyepajua, Makambako ni njia panda. Hapa ndipo barabara kuu iendayo Tunduma inapokutana na reli ya TAZARA, na hapa ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Kila kitu kinapita kwetu: malori ya Zambia na Kongo, mbao, viazi, parachichi, mitumba, na dawa. Likiwa juu ya keria ya basi, boksi la amoksilini na boksi la sabuni ni ndugu wa tumbo moja. Linashushwa usiku, asubuhi limo kwenye rafu, na mama aliyebeba mtoto mwenye homa anasema "kamwene", anaitikiwa, anataja shida yake.

Sasa hebu tuwe wakweli. Mama huyo anajuaje kama dawa ni nzima? Anatazama boksi. Anauliza imetoka nchi gani. Anauliza bei, ikiwa rahisi anashtuka, ikiwa ghali anaamini. Anamuuliza jirani, "Hii ilimsaidia wako?" Wengine wanaonja ulimini, kwani si tumeambiwa tangu utotoni kwamba chungu ndiyo dawa? Na yule dada wa kaunta naye anajuaje? Kwa njia hizohizo, akiongeza tarehe ya mwisho ya matumizi na imani yake kwa mtu wa jumla. Simdharau dada huyo. Utaratibu wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, ukawafundisha wauzaji na kuondoa taratibu yale maduka ya dawa baridi ambako kila mtu alijifanya daktari. Ni kazi kubwa. Lakini mafunzo hayampi mtu macho ya kuona ndani ya kidonge.

Mwaka 2009 Metakelfin bandia ilikutwa katika maduka ya dawa 40 hapa nchini. Wazee wanaikumbuka Metakelfin, dawa ya malaria iliyokuwa na jina kubwa kuliko madaktari. Ile bandia ilikuwa na upungufu wa kiambato hai, yaani kile kitu hasa kinachoua wadudu wa malaria. Mengine katika kidonge ni unga wa kukifanya kiwe kidonge. Maduka arobaini! Je, wenye maduka hao wote walikuwa majambazi? Wangapi kati yao waliuza dawa ile huku wakiamini, na labda wakaimeza wenyewe? Hapo mpelelezi wenu atamkamata nani?

Ndipo ugomvi wangu unapoanza hasa. Sisi tumelelewa na Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango, na sitaki mtu aseme nawatukana. Bila wao nisingeshika kalamu. Ila wametuzoesha jambo moja: kwamba nyuma ya kila ubaya yupo mbaya. Tukimpata, mambo yamekwisha. Na dawa haiendi hivyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au iko chini ya kiwango. Angalieni hilo neno "au". Bandia ina mwizi wake. Lakini iliyo chini ya kiwango inaweza kuwa imetoka kiwanda halali chenye leseni na mlinzi getini, ikachanganywa vibaya. Au ilitoka nzima, ikakaa wiki tatu kwenye kontena linalochemka bandarini, ikasafiri juani, ikafika kwetu kwenye baridi ya Makambako imekwisha nguvu huku sura yake haijabadilika hata kidogo. Mpelelezi gani atalitia jua pingu?

Mkemia anaweza. Halitii pingu, ila anaweza kusema: hapa dawa imepungua. Ndiyo maana namtaka.

Na mnaosema kazi yake haina utamu, ngoja niwaeleze ilivyo, halafu mniambie.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilianza kutumia maabara ndogo ya kubeba iliyobuniwa Ujerumani, Minilab, masanduku ya kubebwa kama ya msafiri. Wakaguzi waliitumia hata kwenye vituo vya mipakani. Ndani hamna uchawi. Unasaga kidonge, unakiyeyusha, unaweka tone chini kwenye kipande chembamba cha sahani, pembeni yake unaweka tone la dawa unayoijua kuwa halisi, kisha unakisimamisha kwenye kimiminika. Kimiminika kinapanda, kinabeba viambato, kila kimoja kinasimama pahala pake. Kama shuleni mliwahi kutia wino mweusi kwenye chaki na kuisimamisha majini mkaona bluu na nyekundu zinaachana, basi mmeshaielewa kromatografia. Doa la dawa yako lisiposimama sambamba na la dawa halisi, kuna kasheshe. Likisimama sambamba lakini limefifia, kuna kasheshe nyingine.

Kule Nigeria mwaka 2010 mamlaka yao ya dawa ilianza kutumia kifaa cha mkononi kinachopiga mwanga wa leza kwenye kidonge, mara nyingi bila hata kukitoa kwenye pakiti, kikasoma jinsi mwanga unavyotawanyika na kulinganisha na kumbukumbu yake. Kizuri, lakini bei yake si ya duka la Lyamkena.

Kinachonisisimua mimi ni karatasi. Mkemia Marya Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walitengeneza kadi ya karatasi yenye mistari 12. Kila mstari umetiwa kemikali zake, zikakaushwa humo. Unasugua unga wa kidonge kuvuka mistari yote, unachovya ukingo wa kadi majini. Maji yanapanda yenyewe kama yanavyopanda kwenye utambi. Baada ya dakika chache rangi zinatokea: hapa kijani, hapa zambarau, hapa hakuna kitu. Mpangilio wa rangi ni kama alama ya kidole cha dawa ile, na simu inaupiga picha. Na kadi hizo hazikuishia Marekani. Zilijaribiwa jirani hapa, Eldoret, Kenya, pamoja na watu wa afya wa kule, kwa dawa zilizonunuliwa madukani kama unavyonunua wewe.

Dakika chache, maji, karatasi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza.

Lakini (na hapa ndipo riwaya ilipo, enyi msioamini) kadi ina udhaifu. Inamkamata mwongo mkubwa, yule aliyeweka chokaa mahali pa dawa. Mwongo mdogo, aliyeweka dawa lakini pungufu, anaweza kupita akitabasamu. Rangi inatokea, labda nyepesi kidogo, na nani atasema nyepesi ni nyepesi kiasi gani chini ya taa ya duka saa mbili usiku? Mkemia wangu anajiunga na timu akidhani atagundua kitu. Miezi ya kwanza anaosha vyombo na kusaga vidonge. Anasaga mpaka kiganja kinaota sugu kama cha mtwangaji. Picha ileile ya kadi ikipigwa mchana inasema kijani, ikipigwa usiku inasema rangi ya udongo. Wakubwa wake wanataka ripoti ya wafadhili. Yeye anajua kwamba kadi ikisema "ndiyo" kwa dawa pungufu, mtu atameza "ndiyo" hiyo. Afanye nini? Anyamaze mradi uendelee, au aseme mradi ufe? Mniambie bastola ingemsaidia nini kwenye chumba kile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikasirike.

Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa kuliko yote Tanzania cha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2016/17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima; ule wa 2022/23 ukakuta 12.7. Sihitaji takwimu kujua hilo. Katika ukoo wetu wamo wanaomeza kidonge kila siku ya Mungu, saa ileile, na wanaishi, wanalima, wanazaa watoto wazima. Kidonge kile ndicho kimesimama kati yao na kaburi. Kwa hiyo kwetu swali la dawa nzima si mada ya semina.

Mwaka 2012 dawa bandia za kufubaza virusi zilikutwa ndani ya mfumo wa serikali wenyewe. Waziri wa Afya wa wakati ule, Dk. Hussein Mwinyi, alitangaza hadharani na maofisa wakasimamishwa kazi. Vizuri. Lakini habari ile ilipofika vijijini ilifika bila mkemia. Ilifika imevaa koti la mpelelezi: wametuwekea sumu, wanatumaliza, dawa zote ni usanii. Mwaka mmoja tu nyuma yake, 2011, nchi nzima ilikuwa imepanga foleni Loliondo, kijijini Samunge, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Wako waliokunywa wakaacha vidonge vyao. Siwacheki. Mtu ambaye hana njia yoyote ya kujua kilichomo kwenye kidonge, na hana njia yoyote ya kujua kilichomo kwenye kikombe, kwake vyote viwili ni imani, na kikombe kilikuwa na mchungaji mstaafu anayekutazama machoni.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi wenzangu, na najilaza na mimi kwenye kiboko hichohicho kama msomaji aliyeshangilia. Hadithi zetu za "dawa" karibu zote ni hadithi za njama. Sumu kwenye sindano, daktari muuaji, maabara ya siri. Tunamfundisha msomaji kushuku, na kushuku ni rahisi, kushuku hakuhitaji hata kiberiti. Hatumfundishi kupima. Tunamwachia shaka tupu, anarudi nayo nyumbani, anakitazama kidonge cha saa mbili usiku, anakirudisha kwenye kopo. Huyo hakuuawa na dawa bandia. Ameuawa na hadithi nzuri.

Ndiyo maana katika rasimu yangu sura kubwa kuliko zote ni ile ambayo kidonge kinafaulu. Kadi inachovywa, rangi zinapanda, zote zinatokea pale zinapotakiwa, na bado mkemia hatosheki, anapeleka sampuli maabara kubwa, wiki zinapita, jibu linakuja: dawa nzima. Mama mmoja aliyekuwa ameacha kumeza anaanza tena. Waliosoma waliniambia, "Sasa kasheshe iko wapi hapo? Mbona hakuna kilichotokea?" Jamani! Mtu karudi kwenye dawa. Nyie mlitaka kitokee nini?

Kuna pingamizi la pili, la wasomi wetu. Wanasema haya ni mambo ya Wazungu na Kiswahili hakiyabebi. Sehemu ya kwanza ni uvivu wa kusoma. Watafiti wa Muhimbili wameandika na wenzao wa nje juu ya kromatografia ile ya sahani nyembamba kwa ajili ya nchi zisizo na fedha. Maabara ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Mwaka 2018 Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya shirika hilo katika udhibiti wa dawa. Mwaka uliofuata mamlaka ilibadilishwa ikawa TMDA. Haya yalifanywa na watu, wenye majina ya Kibena, Kichaga, Kihaya, waliopanda daladala kwenda kazini. Hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye riwaya zetu. Ila tapeli wa Kariakoo tunaye katika vitabu hamsini.

Sehemu ya pili inauma zaidi kwa kuwa ina ukweli ndani. Shule za msingi za serikali tunasoma sayansi kwa Kiswahili. Tukivuka kidato cha kwanza, tindikali inaitwa kwa jina jingine na haturudi tena. Kiswahili cha maabara kikabaki na umri wa darasa la saba. Nani atakikuza? Mnangoja kamati? Mimi nikiandika rasimu sikukwama sana kama nilivyotishwa. Kusaga tunako, kuyeyusha tunako, kuchuja, kuchovya, kufifia, doa, utambi, sugu. Mwanamke yeyote aliyewahi kupika pombe au kuchuja magadi anayajua maneno ya kromatografia. Hajui tu kwamba anayajua. Panapokosekana neno natohoa, kama walivyotohoa wenye "shati" na "baiskeli", na mbingu hazianguki.

Halafu tukisusa sisi, wenzetu hawasusi. Mwaka 1949 Graham Greene aliwapa Waingereza filamu ya The Third Man, yenye penisilini iliyozimuliwa na kuuzwa Vienna baada ya vita. Mwaka 2001 John le Carré akaandika The Constant Gardener, riwaya ya kampuni ya dawa inayojaribia dawa ya kifua kikuu kwa Wakenya, na filamu yake ya mwaka 2005 ikapigwa Kenyahuko. Ni kazi zenye nguvu, sikatai. Lakini shujaa ni mwanadiplomasia na mkewe. Mwafrika pale yupo kumeza dawa na kufa vizuri mbele ya kamera. Kama hilo haliwachomi, basi sina la kuwaambia.

Na anayetaka risasi kwa lazima, azitafute zilipo. Dora Akunyili wa Nigeria alikuwa mfamasia. Mdogo wake, mgonjwa wa kisukari, alifariki mwaka 1988 baada ya kuchomwa insulini bandia. Mwaka 2001 akakabidhiwa mamlaka ya dawa ya nchi yake, akaanza kuchoma bidhaa bandia hadharani, na Desemba 2003 gari lake likamiminiwa risasi. Moja ilipita kwenye kilemba chake ikamwunguza kichwa. Akarudi kazini. Kilichowaudhi wale watu ni kwamba mwanamke yule alikuwa na maabara, na maabara ilikuwa inasema kweli. Bastola walikuwa nazo wao.

Nimebakiza ubishi mmoja, na huu si na waandishi. Ni na wakubwa wa udhibiti. Wao hupenda vipimo hivi vishikwe na mkaguzi, na mkaguzi wa kanda yetu anatoka Mbeya. Hofu yao naielewa: kila kaunta ikiwa na kadi, kila siku kutakuwa na mtu anapiga kelele "feki!" kwa sababu ya kivuli cha taa, na dawa nzima zitatupwa. Lakini mkaguzi akishapanda basi kurudi, kaunta inabaki kipofu kama mwanzo. Kadi iwe chujio la kwanza, neno la mwisho liwe la maabara kubwa; hivyo ndivyo hata wabunifu wake wanavyoitazama. Atakayeishika awe yule dada aliyesoma kozi ya wiki chache, anayefungua duka asubuhi kabla ukungu haujatoka Lyamkena na kufunga usiku. Kwenye rasimu yangu ndiye anayechovya kadi. Mkemia amesimama pembeni yake na kalamu, anaandika kila mahali ambapo kadi yake inakosea.